Beseni Linalotetemeka: Historia Fupi ya Uchafu wa Bunduki

Katika karakana nyingi za mafundi bunduki huko Marekani siku hizi kuna beseni. Ni beseni la chuma cha pua. La bastola linatosha kuwekwa juu ya meza, la polisi au jeshi ni refu kiasi cha kulaza bunduki nzima. Ndani yake kuna maji ya moto yenye sabuni maalumu. Fundi anaifungua silaha vipande vipande, anavitia kwenye kikapu cha waya, anakizamisha kikapu, anabonyeza kitufe. Maji yanaanza kutoa mlio mwembamba, wa kukera kidogo. Halafu, bila mtu kugusa chochote, wingu jeusi linaanza kutoka kwenye vyuma na kuenea majini kama wino wa ngisi. Baada ya dakika kumi au kumi na tano vipande vinatolewa vikiwa safi mpaka kwenye vitundu ambavyo hakuna brashi wala kijiti kingefika.

Mashine hiyo inatumia sauti. Ni sauti ya juu mno kwa sikio la binadamu, ndugu wa karibu kabisa na ile altrasaundi ambayo wajawazito hupigwa kliniki. Nitaeleza baadaye inavyofanya kazi na imetoka wapi, maana asili yake inashangaza. Lakini kwanza ninyi wasomaji wa hadithi mtaniuliza: bunduki na usafi, ndiyo habari ya kutuletea?

Ndiyo. Bunduki zimejaa kwenye riwaya zetu, kwenye historia zetu na kwenye picha za ukutani, na karibu kila mara zipo mahali pamoja: mkononi mwa mtu anayelenga. Zinalia, zinaua, zinanyang'anywa. Ni nadra kuikuta moja inaoshwa. Na bado kwa kila dakika ambayo bunduki imelia kuna saa kadhaa ambazo mtu alikaa chini akaisugua, na mtu huyo kwa kawaida ni wa cheo cha chini kabisa. Nikisoma historia ya vita kwa kumfuata yeye, naona mambo ambayo kwa kumfuata jenerali nisingeyaona. Naona, kwa mfano, kwamba uchafu una maamuzi yake.

Tuanze na baruti ya zamani, ile nyeusi. Ni shura kama robo tatu, iliyobaki ni makaa na kiberiti. Tatizo lake ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi inapolipuka. Inabaki: masizi, na chumvichumvi zinazovuta unyevu hewani. Ukipiga mara chache, ndani ya mtutu panajaa ugoro mgumu, na kwa bunduki ya kushindilia kwa mbele, risasi inakataa kushuka. Ukiiacha usiku mmoja bila kuiosha, hasa pwani, asubuhi unakuta kutu. Dawa yake ilikuwa maji, tena ya moto. Mafuta peke yake hayafui dafu, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta.

Babu zetu wa pwani na bara waliyajua haya kwa vitendo. Nusu ya pili ya karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za kujazwa kwa nyuma, zile kuukuu za kushindilia zilimwagwa sokoni na nyingi zikaingia huku kupitia Zanzibar. Kiswahili kikazipokea na msamiati kamili: gobori, kasiba, mtambo, fataki, na mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia ambao ukifungwa kitambaa ndio pia wa kusafishia. Kamusi za zamani zinalo neno mdeki. Muulize kijana wa leo maana yake, atakutazama tu. Naona ni hasara ndogo, lakini ni hasara: tumebaki na neno la silaha, tukalipoteza neno la kuitunza.

Kuna wakati uchafu huo wa mtutu uliwasha moto mkubwa kuliko bunduki yenyewe. Waingereza walipoleta bunduki mpya aina ya Enfield kwa askari wao wa Kihindi, mtutu wake ulikuwa na mifuo ya ndani inayoizungusha risasi, na mifuo hiyo ilijaa masizi upesi. Ili risasi ipite, karatasi iliyoizunguka ilipakwa mafuta. Askari alitakiwa kuing'ata karatasi hiyo. Ikaenea habari kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. La kwanza ni najisi kwa Mhindu kwa namna yake, la pili kwa Mwislamu. Mwaka 1857, huko Meerut, askari 85 wa kikosi cha wapanda farasi walikataa kuzipokea risasi. Tarehe 9 Mei walifungwa minyororo hadharani mbele ya wenzao. Siku iliyofuata maasi yakalipuka. Bila shaka sababu za maasi yale zilikuwa nyingi, za ardhi, za kodi, za dharau ya miaka mingi. Lakini cheche ilikuwa grisi, na grisi ile ilikuwepo kwa sababu ya masizi. Ofisa aliyechagua mafuta hakuwa yeye wa kuyang'ata.

Sasa tuje nyumbani, mwaka 1914. Paul von Lettow-Vorbeck alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwezi Januari, akakuta makampuni 14 ya askari, na mengi kati ya hayo yalikuwa na bunduki za mfano wa 1871. Zinapiga risasi moja moja, na zinatumia baruti ile ile nyeusi. Ulaya ilishaiacha kitambo. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka likamwambia adui: nipo hapa. Na jioni, wakati wenye bunduki mpya wanapitisha kitambaa mara mbili na kulala, wenye za zamani walikuwa na kazi ya kutafuta maji.

Vita vya hapa kwetu, ukiviangalia vizuri, vilikuwa vita vya matengenezo. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga bandarini Zanzibar. Kwa nini ilikuwa imesimama? Mitambo yake ilikuwa inatengenezwa. Ikapigwa pale pale mbele ya mji, ikazama. Königsberg nayo haikufika mbali. Mtambo wake ukaharibika, ikarudi kujificha kwenye delta ya Rufiji, kati ya mikoko, na vipande vya mtambo vikaburutwa kwa nchi kavu hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa kurudi. Ilipokuwa tayari kutoka, Waingereza walishafika mdomoni mwa mto.

Ujerumani ikatuma meli ya kuiokoa. Jina lake Rubens, ikajivika jina la Kidenmaki, Kronborg, ikazunguka Afrika nzima na makaa ya mawe, bunduki na risasi. Aprili 1915 ilifikishwa kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiifukuza. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliingiza maji chomboni akaikalisha kwenye kina kifupi. Juu ikawaka moto, chini shehena ikalala salama ndani ya bahari. Waingereza waliona moshi, wakaridhika, wakaondoka. Kisha wazamiaji wakaanza kazi.

Sehemu inayofuata haina filamu wala sanamu. Risasi zilizotolewa baharini zilikuwa zimeloa maji ya chumvi. Sanduku kwa sanduku zilibebwa, zikafunguliwa: kichwa kikang'olewa kwenye ganda, baruti ikamwagwa ikakaushwa, ganda likasafishwa, kila kitu kikarudishwa. Hesabu ya risasi zile ilikuwa ya mamilioni, siyo maelfu. Fikiria mkono unaofanya hivyo kutwa, tena wiki baada ya wiki, kwenye joto la Tanga, na risasi iliyofungwa vibaya ikigoma mbele ya adui atakayelaumiwa ni yule aliyefunga. Na nyingi ziligoma kweli. Hata hivyo ni kwa mzigo ule kwamba askari wengi waliachana na bunduki za moshi, na vita vilivyodhaniwa vya miezi vikaenda hadi Novemba 1918. Wanaomsifu Lettow kwa ujanja, na wapo wengi mno kwa maoni yangu, waende kwanza wakatafute majina ya wale waliokausha baruti. Hawatayapata.

Königsberg yenyewe ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915 na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Wajerumani wakailipua wenyewe ikaketi kwenye tope la Rufiji. Lakini haikwenda chini yote, na mizinga yake kumi ikaondolewa, ikavutwa kwa kamba na mamia ya watu kupitia njia ambazo hazikuwa njia, ikafika Dar es Salaam, ikasafishwa na kuundiwa magurudumu. Mzinga wa meli ukawa mzinga wa nchi kavu. Mmoja wapo upo Fort Jesus, Mombasa, umekaa kwenye upepo wa bahari ambao ndio adui wake wa kwanza, na watoto wa shule hupigia picha juu yake.

Baruti mpya, isiyo na moshi, ingepaswa kumaliza tatizo. Haikumaliza. Ilihamisha tu. Fataki, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachogongwa na kuwasha baruti, kwa miongo mingi kilitengenezwa kwa kloreti ya potasiamu. Ikiungua, inaacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu mdogo wa chumvi ya mezani. Kwa hiyo kila risasi iliyopigwa ilinyunyizia mtutu chumvi. Haionekani. Unapitisha kitambaa chenye mafuta, kinatoka kizuri, unajisifu, na chini ya mafuta chumvi inaendelea kula chuma. Ndiyo maana jeshi la Uingereza liliendelea kumwaga maji yanayochemka kwenye mitutu kwa kutumia faneli, wakati ambapo bunduki zenyewe zilikuwa za kisasa kabisa. Wajerumani walikuwa wamepata fataki isiyo na chumvi tangu miaka ya 1920, lakini maghala ya risasi za zamani hayatupwi kwa siku moja.

Askari wetu wa KAR walipita hapo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga katika bonde la Kabaw, Burma, wakati wa masika ya huko, mvua isiyo na adabu. Lee-Enfield zao zilikuwa na kifuniko kwenye kitako. Ukikifungua unakuta kichupa cha mafuta, na kamba yenye kijiti cha shaba mbele na kitanzi cha kitambaa nyuma. Unadondosha kijiti kwenye mtutu, unavuta. Aliyeibuni alimjua askari vizuri: vifaa vya kusafishia vipo ndani ya bunduki yenyewe, havipotei kabla haijapotea bunduki. AK nayo ni hivyo hivyo. Watu husema AK haihitaji kusafishwa, unaizika kwenye tope na kuifukua inapiga. Sawa, lakini hebu itazame ya zamani chini ya mtutu: kuna ufito mrefu wa kusafishia, na kitakoni kuna kikopo cha brashi, na mtutu wake kwa ndani umepakwa kromu usishike kutu. Wale Warusi hawakuamini hata siku moja kwamba haihitaji kusafishwa. Waliamini tu kwamba askari atachelewa kuisafisha, wakamwekea nafasi ya kuchelewa.

Waliosahau ni wengine, na hapa ndipo habari inapouma.

Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilipeleka Vietnam bunduki mpya, nyepesi, ya plastiki na aluminiamu, iliyobuniwa na Eugene Stoner: M16. Ilipofanyiwa majaribio ya awali ilisifiwa sana. Lakini kati ya majaribio na vita mambo mawili yalitokea. Kwanza, jeshi lilibadilisha aina ya baruti. Baruti mpya iliifanya bunduki ipige kwa kasi kuliko ilivyosanifiwa, na iliacha uchafu zaidi ndani. Pili, chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, haikupakwa kromu, na kwenye unyevu wa msitu ikawa inashika kutu na vijishimo. Ganda tupu linanasa humo. Bunduki inasimama. Dawa ni ufito: unauingiza kwa mbele, unalisukuma ganda litoke nyuma, huku unapigwa risasi.

Na ufito haukuwepo. Ilishaenea sifa kwamba bunduki hii ya kizazi kipya inajisafisha yenyewe, na kwenye mnyororo wa ugavi vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Vijana wa miaka 19 wakawa wanaandika nyumbani kuomba watumiwe mafuta na brashi. Mwaka 1967, baada ya mapigano makali ya vilimani karibu na Khe Sanh, barua ya askari mmoja wa kikosi cha Marine ilifika gazetini kisha bungeni Marekani. Alisema karibu kila mwenzao aliyekufa walimkuta na bunduki yake imefunguliwa kando yake. Alikuwa anajaribu kuitengeneza.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na sijaizoea. Ukitaka kujua nini maana ya kudharau kazi ya usafi, picha ni ile: maiti, na kando yake bunduki iliyofunguliwa.

Kamati ndogo ya bunge, chini ya Richard Ichord wa Missouri, ilichunguza, na Oktoba 1967 ikatoa ripoti kali. Ilisema uzembe wa jeshi katika jambo hili unakaribia kuwa kosa la jinai. Hakuna mkubwa aliyefungwa. Chemba zikapakwa kromu, vipuri vikarekebishwa, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na baadaye kitako kikatobolewa kupata nafasi ya kuvihifadhi. Yaani wakarudi kwenye akili ya Lee-Enfield.

Kisha jeshi likafanya jambo ambalo wapenzi wa vitabu wanapaswa kulijua. Lilimwita mchora katuni. Will Eisner, baba wa The Spirit, ambaye mwaka 1978 angetoa A Contract with God na kuwafanya watu wengi waanze kuzungumzia riwaya za picha kwa heshima, alikuwa tangu 1951 akichora jarida la matengenezo la jeshi. Ofisi yake ikatoa kijitabu cha rangi cha kumfundisha askari kuitunza M16: fungua hivi, futa hapa, paka mafuta pale, usisahau kona hii. Bunduki ndani yake inazungumziwa kama mwanamke wa kubembelezwa, kwa utani ambao leo unachosha na hata wakati ule haukuwa na haja. Pamoja na hayo, kama mwandishi, nakiri kijitabu kile ni kazi bora ya uandishi wa maelekezo. Hakimwiti askari mzembe. Kinamchukulia kama mtu aliyechoka, anayesoma kwa tochi, anayehitaji picha moja iliyo wazi. Ni maandishi machache ya Eisner ambayo msomaji wake, akiyapuuza, angeweza kufa.

Kwa hiyo ukisikia leo kwamba lipo beseni linaloosha bunduki bila mtu kusugua, una haki ya kushtuka kidogo. Tumewahi kuusikia wimbo huo.

Beseni lenyewe lina ukoo mrefu, na ukoo wenyewe ni wa baharini na wa vita. Mwaka 1893 na 1894 Waingereza walikuwa wakijaribu manowari ndogo ya kasi, Daring. Mitambo ina nguvu tele, meli haifikii mwendo uliotarajiwa. Wahandisi wakagundua kwamba rafadha, mafundi wetu huiita pangaboi, ikizunguka kwa kasi mno inayachana maji. Nyuma ya panga zake yanazuka mapovu ya utupu, na rafadha inazungukia mapovu badala ya maji. Ubaya zaidi ukaonekana baadaye: mapovu hayo yakipasuka kwa kujikunja ndani, yanakula chuma. Rafadha za shaba zilitoka na vishimo kama zimetafunwa. Mwaka 1917 mwanafizikia Lord Rayleigh akapiga hesabu ya povu tupu linalobanwa na maji pande zote, akaonyesha kwamba pale katikati, katika nukta ya mwisho ya kujikunja, shinikizo linapanda kupita kiasi. Povu dogo kuliko punje ya mchanga linapiga kama nyundo.

Miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa mlango bahari, Mfaransa Paul Langevin alikuwa anatafuta namna ya kuzisikia nyambizi za Kijerumani. Mwalimu wake alikuwa Pierre Curie, ambaye pamoja na kaka yake Jacques waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele, kama kwatzi, zikibanwa hutoa umeme. Na kinyume chake pia: zikipewa umeme hujibana. Langevin akabandika kwatzi kati ya mabamba ya chuma, akaipa umeme unaogeuka mara makumi ya maelfu kwa sekunde, kifaa kikaanza kutetemeka na kutuma majini sauti isiyosikika, ili ikigonga nyambizi irudi. Kwenye matangi ya majaribio huko Toulon, samaki waliopita mbele ya kifaa walikufa. Aliyetia mkono aliusikia unauma. Mmarekani R. W. Wood aliyaona hayo akiwa mgeni wakati wa vita, hakuyasahau, na mwaka 1927 yeye na Alfred Loomis, tajiri wa benki mwenye maabara nyumbani, walichapisha majaribio yao kuhusu nguvu ya sauti hiyo kwenye vimiminika na viumbe. Kutoka pale hadi mashine za kusafishia saa, vyombo vya hospitali na vipuri vya ndege katika miaka ya 1950 njia ilikuwa nyoofu. Bunduki ilikuja kuingia beseni hilo baadaye, ikiwafuata saa na mikasi ya daktari.

Langevin hakuishia vizuri. Alikuwa mpinzani wa ufashisti, Wajerumani walipoikalia Paris wakamkamata mwaka 1940. Mkwewe, Jacques Solomon, naye mwanafizikia, aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1942. Binti yake Hélène alipelekwa Auschwitz, akarudi hai. Bunduki za kikosi kilichomuua Solomon zilisafishwa jioni ile na mtu fulani, kwa kamba na kitambaa. Ni kazi ya kila jioni.

Basi, mashine inafanya hivi. Chini ya beseni kumebandikwa vifaa vya kutetemesha, mara nyingi mitetemo 40,000 kwa sekunde, maradufu ya sauti ya juu kabisa ambayo sikio zuri la kijana husikia. Mtetemo unayavuta na kuyabana maji, mapovu ya utupu yanazaliwa na kufa kwa mamilioni, na kila moja linapokufa linapiga uso wa chuma ulio karibu. Ni yale yale yaliyokula rafadha, sasa yamepunguzwa nguvu yale masizi tu. Mafundi wana kipimo rahisi cha kujua kama beseni bado lina nguvu: wanazamisha kipande cha karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula. Baada ya muda mfupi inatoka na matundu.

Kipimo hicho kinasema pia kwa nini mashine haiachiwi peke yake. Rangi iliyoanza kubanduka itabanduka yote. Nikeli iliyopasuka itainuka. Mbao, darubini na taa za kulengea hazitakiwi kugusa maji yale. Petroli hairuhusiwi kabisa beseni, maana joto, mvuke na umeme mahali pamoja ni mwaliko wa moto. Na kubwa kuliko yote: mapovu hayachagui. Yanaondoa masizi, yanaondoa na mafuta, hadi tone la mwisho kwenye kona ya mwisho. Kinachotoka kwenye kikapu ni chuma kilicho uchi. Kikiachwa hivyo juu ya meza, kwenye hewa yenye unyevu, kinaanza kutu haraka kuliko kingeachwa kichafu. Kwa hiyo karakana zinazojua kazi zina beseni la pili lenye mafuta yanayofukuza maji, na baada ya hapo kuna mtu na kitambaa.

Mtu huyo ndiye ninayemtaka. Kusugua hakukuwa kusafisha tu, kulikuwa kutazama. Kidole kinapopita kwenye mtambo kinaona ufa mwembamba, springi iliyolegea, pini iliyolika upande mmoja. Beseni linaweza kuutoa ufa ukiwa safi kabisa, unang'aa, na lisiseme neno. Wauzaji wa mashine hawasemi uongo kwamba zinaokoa muda. Ghala la polisi lenye silaha mia kadhaa haliwezi kurudi kwenye mswaki. Ninachouliza ni muda uliookolewa unaenda wapi. Ukienda kwenye kutazama, sawa. Ukienda kwenye kupunguza watu, tunarudi Khe Sanh kwa njia ya mzunguko.

Halafu kuna maji yenyewe. Baada ya siku ya kazi beseni limejaa kitu cheusi. Humo mna masizi, shaba, na madini ya risasi kutoka kwenye vichwa vya risasi na kwenye fataki mpya, zile ambazo haziachi chumvi tena lakini ndani yake mna risasi hiyo hiyo. Kiswahili kinatumia neno moja kwa madini na kwa kinachoua, na hapa hakikosei: madini hayo yakiingia mwilini kidogo kidogo yanadhuru ubongo na damu, ya watoto hasa. Maji yale hayafai kumwagwa kwenye sinki wala mtaroni. Nchi zenye sheria kali zinaweza kuyahesabu kuwa taka za hatari, yakusanywe kwenye pipa lenye alama na kupelekwa panapostahili. Fundi mkuu ameshafunga karakana. Beseni lazima limwagwe, lisuguliwe, lijazwe tena kwa ajili ya kesho, na anayelimwaga anahitaji glavu.